Cherehani ya Kalunde

Kaeni vizuri, na simu zenu zifunikeni kifudifudi kwanza, maana hadithi hii inazihusu na hazitapenda kuisikia.

Mjini Morogoro palikuwa na duka la kushona nguo za harusi, mali ya Bi Mwanahija. Duka lenyewe lilikuwa dogo, wakiingia wateja wawili, wa tatu anasubiri nje, lakini ukurasa wake mtandaoni ulikuwa na wafuasi wa kujaza uwanja wa mpira. Waliouendesha ni vijana watatu. Yusta alijaliwa maneno: akiandika jambo, linaeleweka. Shomari alijaliwa jicho: akikupiga picha, unajiona jinsi mama yako anavyokuona. Sikudhani, ambaye tutatembea naye, alijaliwa sikio. Ungemweleza shida yako mwanzo hadi mwisho asikukatize.

Sikudhani alijua pia kushona, tena vizuri, ila hakuwa na cherehani. Dukani alipewa kazi ya kutia vifungo na kujibu simu. Kila siku alipita nyuma ya mafundi akizitazama mashine zao kwa wivu uliomuuma kifuani, na hakuona aibu kuuita wivu.

Basi, Bi Mwanahija alihudhuria semina hotelini akarudi na amri. Kila komenti ijibiwe papo hapo, na jibu ni hilohilo: "Hongera sana mpendwa! Tunafurahi kuwa sehemu ya siku yako. Karibu inboksi!" Chini yake vimoyo vyekundu. Ukiuliza bei, karibu inboksi. Ukilalamika kwamba mikono imebana, hongera sana mpendwa.

"Bosi, watu wanataka kusomwa," Sikudhani alisema.

"Watu wanataka kujibiwa. Ukianza kusoma utamaliza saa ngapi?"

Bosi mwenyewe ndiye aliyekuwa bingwa wa kulibandika jibu hilo, hata akiwa anakula.

Siku moja, chini ya picha ya bibi harusi mmoja akicheka ndani ya gauni lake la sendofu, la kuagwa kwao kabla ya harusi, ikaingia komenti: "Mimi ni mama yake Kalunde, huyo hapo kwenye picha. Amefariki kwa homa, tumemzika jana. Naomba muiondoe, siwezi kuiona." Bi Mwanahija alikuwa na mkono mmoja kwenye simu na mwingine kwenye sahani ya chipsi. Akabandika.

"Hongera sana mpendwa! Tunafurahi kuwa sehemu ya siku yako."

Mnawajua watu wa mtandaoni. Kabla jua halijazama jibu hilo lilikuwa limesambaa nchi nzima. Walitukana, na walikuwa na haki. Wengine waliichukua picha ya marehemu wakaitia maneno ya kuchekesha, na hao hawakuwa na haki yoyote. Wateja wakaanza kufuta oda zao.

"Andika kwamba ukurasa ulidukuliwa," bosi akamwamuru Yusta.

"Na nani, bosi?"

"Na wadukuzi! Kwani huwa wanaacha majina?"

Yusta akakaa chini akaandika hivi: "Hatukudukuliwa. Mama alituambia amefiwa, tukamjibu bila kusoma. Hatukusoma kwa sababu tulishazoea kutosoma. Mama Kalunde, tumekukosea, na hatuna wa kumsingizia." Akaposti bila kuomba ruhusa, na hapohapo akafukuzwa. Bosi alitaka kuufuta ujumbe huo, lakini akaona matusi yamepungua, akauacha. Ujumbe ulibaki, Yusta akaenda nyumbani.

Shomari naye hakuweza kula, kwa kuwa picha ile ni kazi ya mkono wake. Aliiondoa kwenye ukurasa, kisha akaanza kuwafuata wote walioifanyia mzaha, mmoja mmoja, akiwabembeleza waifute. Wapo waliofuta, na wapo waliomtukania mama yake naye akaendelea kubembeleza. Kwenye kamera ya duka ilibaki video moja ya Kalunde akijizungusha na gauni lake, anacheka hadi anashika ukuta. Shomari hakuwahi kupiga nyingine nzuri kama hiyo.

"Iweke hiyo," bosi akasema. "Watu walie, watatusamehe."

Shomari akamtumia mama mzazi peke yake, kupitia inboksi ya duka, halafu akaifuta. Bosi akamnyang'anya kamera akamtupa stoo kukunja vitambaa.

Simu ikabaki kwa Sikudhani. Aliacha hongera, akawa anasoma kila komenti mpaka mwisho na kumjibu mtu kwa alichokisema. Ndipo Mama Kalunde akaingia inboksi na ujumbe wa sauti. Alilia, akanyamaza kwa muda mrefu, akalia tena. Sikudhani alisikiliza hata ule ukimya. Bosi hakutaka sauti ya mfanyakazi isikike kwenye ukurasa wake, hivyo Sikudhani akajibu kwa maandishi, kwa jina la duka: "Nimekusikia, mama. Niambie alikuwaje." Tangu hapo mama yule hakuacha kusimulia. Sikudhani aliubeba msiba usio wake hadi akakonda, na hakuna aliyemuuliza anaumwa nini.

Mwishowe Mama Kalunde akaandika hadharani: "Waacheni sasa. Wamenisoma." Wafuasi wakatulia, oda zikarudi. Bi Mwanahija akaalikwa kwenye semina nyingine, safari hii kama mtoa mada. Mcheke tu, mimi ilinikera.

Kisha ukaja ujumbe mwingine wa sauti.

"Mwanangu unayeniandikia. Ulisema kweli wakati ungeweza kuficha. Ukaniletea Kalunde wangu anacheka. Ukanisikiliza wakati ndugu zangu wamenichoka. Cherehani yake iko hapa chumbani, kila nikiingia inanitazama. Nataka uichukue wewe, siyo duka lako. Niambie jina lako, uje kesho."

Sikudhani akawaita wenzake wakasikiliza pamoja.

"Mimi ndiye niliyepoteza kazi," Yusta akasema. "Bila ukweli wangu, angeifungua hiyo inboksi?"

"Alichokuwa anakitaka ni mwanawe," Shomari akajibu. "Nani alimpelekea? Na mke wangu anashona kwa cherehani ya kuazima, mnajua."

"Na mimi niliyekaa naye?" Sikudhani akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha kwa ukali.

Yusta akasema basi iuzwe wagawane. Shomari akamuuliza kama atakuwa na uso wa kukiuza kitu cha marehemu. Sikudhani akafikiri amwambie mama kwamba ni watu watatu. Lakini yule mama aliamini amemfungulia moyo mtu mmoja. Akigundua kuwa alikuwa anaongea na watu watatu waliovaa jina la duka, ataona amechezewa mara ya pili. Na bosi, aliyekuwa ameshasikia yote mlangoni, akamaliza: "Ukurasa wangu, jina langu. Cherehani inakuja hapa."

Wale watatu walikuwa wakila sahani moja. Siku hiyo waliondoka kila mmoja kivyake, bila kuagana, na Sikudhani akabaki na simu.

"Mwanangu, upo?" Mama Kalunde akaandika. "Nataka jina tu."

Sikudhani akaandika jina lake, akaliangalia, akalifuta. Akaandika la Yusta, akafuta. Akaandika la Shomari, akafuta. Kule upande wa pili mama aliyefiwa alikuwa anaona kwamba mtu anaandika, kisha haandiki, kisha anaandika tena, na jibu haliji.

Haya, zifunueni simu zenu. Ninyi ambao kila siku mnajibu bila kusoma, leo mmesikia mpaka mwisho. Mama Kalunde bado anasubiri. Mtamwandikia jina la nani?