Mtamba wa Asegelile na Pikapu Iliyokula Moshi Wake

Aliyekisimulia kwanza kisa hiki ni Ambilikile, dada yake mzee Asegelile mwenye pikapu, mwaka 2018, kwenye harusi ya mjukuu wake, wanawake wakimenya ndizi. Tangu hapo wengi wamekitia chumvi. Pikapu haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijivu. Na Asegelile hakulia. Alikasirika tu.

Katika ukoo wake walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Gwakisa, mtoto wa mdogo wake, ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu hiyo, na kipaji chake kilikuwa sikio. Sekela, mke wa mwanawe, alikuwa fundi wa gereji mjini Tukuyu, na kipaji chake kilikuwa mikono. Lugano alikuwa na mashine ya kuzungumza na kompyuta za magari, na kipaji chake kilikuwa kuzielewa. Lugano ni mtoto wa Ambilikile. Msikilizaji alikumbuke hilo.

Kila asubuhi pikapu ilibeba maziwa ya wafugaji kuyapeleka kwenye kituo cha kupozea. Mwaka ule ikaanza kutoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu mlimani, na taa ya onyo ikawaka kwenye dashibodi. Fundi mmoja alisema ni nozeli za kupulizia dizeli, zikabadilishwa. Mwingine akasema ni chujio la dizeli, likabadilishwa. Maziwa yakachacha, na wafugaji wakasema wazi: yakichacha tena, watatafuta gari lingine. Asegelile hakuwa na kazi nyingine.

Siku moja pikapu ilikwama mlimani ikiwa na maziwa na wenye maziwa. Kijana aliyekuwa akikokota baiskeli yenye magunia ya mkaa akawapita.

"Shikamoo, mzee. Niwasukume?"

Asegelile akashuka, akapiga teke gurudumu. "Atakayelifanya gari hili lipande mlima huu na maziwa yote, achukue mtamba wangu mwenye mimba!"

Wafugaji wote walisikia.

Gwakisa ndiye aliyeanza. "Baba mkubwa, si nozeli. Likisimama linanguruma vizuri, nikikanyaga mafuta linapaliwa. Kuna vali inayorudisha moshi kidogo kwenye injini. Yetu haifungi. Gari linakula moshi wake badala ya hewa."

"Nani kakwambia?"

"Sikio."

"Sikio linajua jina la vali?"

"Jina niliuliza."

Akaitwa Sekela. Hapo pana jambo la kueleza. Asegelile alishika mila ya Kinyakyusa ya zamani: mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Kwa hiyo Sekela alipofungua boneti, mzee alikaa nyuma ya migomba, amegeuza mgongo, na Gwakisa akawa mjumbe, ingawa wote wawili walisikiana vizuri kabisa.

Sekela aliikuta vali imejaa masizi mazito kama lami. Ndani yake kulikuwa na kipande cha bati kilichoungua.

"Gwakisa, muulize baba, nani aliziba njia ya moshi kwa bati la debe?"

"Baba mkubwa, anauliza..."

"Nimesikia! Mwambie nilishauriwa kilabuni."

"Anasema alishauriwa kilabuni."

"Muulize kama walimshauri pia aliweke kombo. Limeungua, limekatika, limeangukia kwenye vali na kuizuia isifunge."

Sekela akatoa bati, akasugua masizi kwa petroli na brashi ya waya mpaka vali ikacheza. Moshi mweusi ukaisha. Lakini taa ya dashibodi haikuzimika, na mlimani gari likagoma tena.

"Sasa linataka nini?" Asegelile alifoka. "Linataka kuombewa?"

Akaja Lugano. Alikuwa amekuja mwezi uliotangulia, akaizima ile taa, ikawaka tena kabla hajafika barabara kuu. Safari hii akachomeka mashine yake, akatazama.

"Mjomba, kompyuta bado inaamini vali imekwama. Inaibana injini isijiumize."

"Basi iambie imefunguka!"

"Ndicho kilichonileta."

Akaifundisha kompyuta upya mahali vali inapofunga na inapofungua. Taa ikazimika. Asubuhi iliyofuata pikapu ilipanda mlima na maziwa yote, na kituoni halikukataliwa hata dumu moja. Wafugaji wakarudi wakiimba, "Mtamba! Mtamba!"

"Bila sikio langu," alisema Gwakisa, "mngekuwa mnanunua nozeli mpaka leo."

Sekela akamwita. "Mwambie baba, kusikia si kufungua. Dereva kulijua gari lake ni kazi yake."

Gwakisa akaenda migombani. "Anasema kusikia si kufungua. Mimi sikubaliani naye, lakini ndivyo anavyosema."

Lugano akacheka. "Mjomba, baada ya Sekela gari lilipanda? Halikupanda. Baada yangu je?"

"Na ulipokuja kabla yake, lilipanda?" alisema Gwakisa.

Asegelile akashika kichwa. Akimpa Sekela, mtamba atabaki kwa mwanawe, na watu watasema amejizawadia mwenyewe. Akimpa Lugano, watasema dada yake amemshinikiza. Akimpa Gwakisa, watasema amemzawadia mtu kwa kazi aliyoajiriwa.

"Heri ningenyamaza mlimani," alisema. "Subirini azae."

Akazaa. Mzee akasema wasubiri ndama aachishwe. Ndama akaachishwa, mzee akasema mvua ipite.

Asegelile alifariki bila kutamka jina, na Ambilikile akafuata mwaka uliofuata. Gwakisa yu hai, na bado anaendesha. Sekela yu hai. Lugano yu hai. Ng'ombe naye yu hai, ana ndama mwingine, na kila ukoo unapokutana wote watatu huenda zizini kumtazama, wakarudi wamenuna. Sasa wewe uliyesikiliza mpaka hapa, usituambie tusubiri mvua ipite: kamba ya ng'ombe yule ungemkabidhi nani?