Aliyesema Mara Moja

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuchimba visima. Aliitwa Mwaluko, na katika nchi ile kavu hakuna aliyeujua udongo kama yeye. Aliushika kiganjani, akaunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi, kisha akasema: chimbeni hapa, pale mtapoteza nguvu zenu bure. Mara chache sana alikosea.

Alikuwa na watu watatu, na alikuwa amefanya nao kazi miaka minane. Chedego alikuwa mtu wa kicheko. Mikono yake ilikuwa na nguvu, kinywa chake hakikupumzika, na aliposhika kamba ya kuvutia ndoo aliimba mpaka ndoo ya mwisho. Yoramu, ambaye alimwoa Sechelela, dada yake Chedego, alikuwa mtu wa hofu. Kila asubuhi aliipapasa kamba nzima kwa vidole, shibiri kwa shibiri, na hakushuka kisimani kabla hajafika mwisho wake. Wa tatu alikuwa Ndahani. Huyo alisema kidogo. Alilotaka kulisema alilisema mara moja, kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza, maana aliamini kwamba neno likishatoka limefika.

Mwaluko aliyaona hayo yote. Lakini aliyaona kama mtu aonavyo kovu usoni mwa mwenzake, akadhani ni adabu kutoyatazama sana. "Watu wote wana mikono miwili," alikuwa akisema. Kwa hiyo aliwagawia kazi kwa zamu. Kila zikipanda ndoo hamsini, walibadilishana nafasi: mmoja chini akichimba, mmoja kwenye kamba, mmoja mdomoni mwa kisima. Hakuna aliyependelewa. Aliiita hiyo haki, na wao hawakulalamika.

Mtu wa mdomoni hashiki kitu. Kazi yake ni kuzitazama kuta na kupaza sauti. Akiona ufa huita, "Toka!" na aliye chini huacha kila kitu akashika kamba, avutwe juu.

Sasa siku moja Chedego alikuwa mdomoni, na shemeji yake alikuwa chini. Chedego akaita, "Toka!" pasipo sababu yoyote. Yoramu akapanda kwa mikono na miguu, magoti yakachubuka ukutani, akatokeza kichwa kilichojaa vumbi, macho yamemtoka. Chedego akajishika mbavu.

"Shemeji, mbona mbio hivyo? Umekuta nyoka huko chini, au umemkuta mama yangu?"

Walicheka wote. Mwaluko mwenyewe alicheka. Tangu siku hiyo Yoramu akaitwa Sungura, na kila alipochelewa kushuka aliulizwa kama masikio yake yapo salama. Alitabasamu tu, kama watabasamuvyo watu ambao wamechoka kuonekana waoga.

Kicheko kilipokwisha Mwaluko aliona hatari, maana hakuwa mjinga. Aliona kwamba wito wa kuokoa mtu haufai kuwa mzaha. Akaweka sheria: mtu wa mdomoni aite mara tatu, na aliye chini asipande mpaka asikie miito yote mitatu. Ilikuwa sheria nzuri kwa Chedego, ambaye aliweza kuita mara tatu kwa pumzi moja. Mwaluko hakufikiri kwamba alikuwa amewashonea watu watatu vazi kwa kipimo cha mmoja.

Walifika kijiji kimoja ambacho wanawake wake walikuwa wakifukua mchanga wa mto mkavu ili wapate maji ya kupikia. Walichimba majuma matatu, mpaka kina cha pima tisa. Udongo wa chini ulianza kuwa na ubaridi, na watu wa kijiji wakaanza kuja kusimama pembeni na kungoja.

Mchana Sechelela aliwaletea ugali na mlenda, kama alivyofanya kila siku. Walikula wakitaniana. Katikati ya maneno yao Ndahani akasema, "Maji," polepole, bila kumtazama mtu. Wengine hawakusikia. Sechelela aliacha alichokuwa akifanya akampa kata ya maji, kwa sababu alijua kwamba hataomba tena. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alikuwa akiwatazama tu wanapokula. Kisha akakusanya vyombo, akashika njia ya kurudi.

Zamu ikabadilika. Yoramu akashuka. Chedego akashika kamba, akakipa kisima mgongo ili avute, akaanza kuimba. Ndahani akaenda mdomoni. Mwaluko alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, akikaza mpini wa sururu.

Haikupita muda mrefu Ndahani akaona chembe za udongo zikidondoka kutoka mahali ambapo hapakuguswa na mtu. Akainama. Akaona ufa, mwembamba kama unywele, ukishuka ukutani.

Akasema, "Toka."

Yoramu alilisikia. Akaisimamisha sururu, akaishika kamba kwa mkono mmoja. Moyo wake wote ulimwambia apande. Lakini sauti ilikuwa ndogo, na ilikuwa moja, na jina la Sungura lilikuwa likimngoja juu. Akangoja neno la pili.

Mwaluko naye alilisikia. Naye akangoja la pili.

Ndahani alikuwa amepiga magoti, akiitazama kamba, akingoja kuiona ikikaza. Kwake neno lilikuwa limefika. Hakuelewa kwa nini mtu aliyeambiwa atoke hatoki. Alipofungua kinywa kuita tena, ardhi ilishaanguka, na wimbo wa Chedego ulikatika kwa sababu kamba ilikuwa imemtoka mikononi.

Walifukua siku mbili. Walipomfikia Yoramu, mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kamba, na wa pili ulikuwa haujaachia sururu.

Sechelela hakupiga kelele. Alikaa kando ya maiti ya mumewe, akamfuta udongo machoni kwa ncha ya kanga. Halafu akauliza, "Nani alikuwa mdomoni?"

"Ni mimi, dada," akasema Ndahani. "Nilisema."

"Najua ulisema."

Akainua uso, akamgeukia Mwaluko.

"Mzee, ulimweka Ndahani mdomoni?"

Mwaluko alikuwa na jibu. Jibu lake lilikuwa kwamba ilikuwa zamu ya Ndahani. Lilifika mpaka kwenye midomo yake, na hapo akaona kwamba halikuwa jibu. Mwanamke huyu hakuwahi kushika kamba wala sururu. Alileta chakula tu. Naye kwa kutoa kata ya maji alikuwa amejifunza jambo ambalo yeye, mwenye kazi, hakulijua kwa miaka minane. Akainamisha kichwa.

Kisima kile kilifunikwa kwa miiba, na wanawake wa kijiji wakarudi kufukua mchanga wa mto. Chedego hakuimba tena. Alijua kwamba sheria ya mara tatu ilizaliwa na mzaha wake, na kwamba mume wa dada yake aliogopa zaidi kuchekwa kuliko kufukiwa. Ndahani alirudi kwao, na inasemekana hata lile neno lake moja hakulitoa tena. Mwaluko aliendelea kuishi. Watu walipomwita awapimie udongo alikataa, akisema kwamba yeye haujui udongo.

Ndugu zangu, huyu hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mtu wala kumdhulumu. Aliwagawia watu wake kazi sawasawa, kana kwamba Mungu aliwaumba kwa mkono mmoja na usingizi machoni. Wewe uliye na watu katika kazi yako, ambao wamo leo shimoni kwa ajili yako: umeshamjua ni yupi kati yao husema mara moja tu?