Kofia ya Naetwe

Hapo zamani, na wala si zamani ya kutisha, ni zamani hii ya juzi, wakati hata vikongwe wa Upare wamekwishaanza kuficha simu kifuani, alikuwepo binti aitwaye Naetwe. Binti mrefu, mwoga wa damu, na alitaka kuwa nesi. Msicheke. Ndivyo ilivyokuwa.

Naetwe alifaulu, na vyuo viwili vikamkubali. Kimoja kilikuwa mjini, cha shahada, miaka minne. Kingine kilikuwa kule kule milimani, ukuta kwa ukuta na hospitali, cha stashahada, miaka mitatu. Hajamaliza hata kufikiri, mama yake huyoo, amesimama kanisani siku ya mavuno. "Bwana asifiwe! Mwanangu anakwenda kusoma shahada!" Vigelegele! Watu wakaleta kuku. Na kwa desturi ya pale, kuku wa pongezi harudishwi. Naetwe akajikuta amekwishachaguliwa chuo na kuku.

Moyo ukamsumbua. Shahada naitaka mimi, au nalitaka jina lake? Baba alisema tu, "Hayo malizaneni nyie wanawake," akachukua jembe akaenda zake kwenye tangawizi.

Bibi yake, mama mzaa baba, akamtazama binti, akamtazama tena, kisha asubuhi moja akashika kiuno. "Uuuwi! Kiuno! Nakufa mie!" Akapelekwa hospitali, akalazwa. Na mtu akilazwa, sharti ndugu aende kumuuguza: amwogeshe, amlishe, amgeuze. Nani aende? Naetwe.

Siku ya kwanza wodini, nesi akafungua kidonda cha mgonjwa wa kitanda cha pili. Naetwe akaona, akaanguka puu! Alipozinduka, Bibi amekaa kitandani anamenya chungwa.

"Bibi! Na kiuno je?"

"Kimepona, mke mwenzangu. Nilitaka uizoee harufu ya wodi kabla hujaenda kuisomea. Afadhali umeanguka leo, mimi nipo. Kesho utasimama."

Kesho yake akasimama. Keshokutwa akamshikia nesi bakuli wakati kidonda kile kile kikisafishwa, na mwenye kidonda akamwambia, "Ahsante, nesi." Naetwe alifurahi mpaka akasahau kula. Tangu hapo akajua kwamba kazi hii anaitaka, iwe na jina kubwa au isiwe nalo.

Lakini aipitie njia ipi? Akamwendea shangazi yake, Eliakunda, aliyefanya unesi mpaka akastaafu.

"Shikamoo, shangazi. Niambie basi, niende wapi?"

"Marahaba. Sikwambii. Mguu ni wako, kiatu nikuchagulie mimi?"

Badala yake alifunga safari naye, chuo hiki na chuo kile. Ofisini hawakuingia. Walikaa langoni kwa muuza mihogo, wakawahoji wanafunzi waliotoka kula. Wa mjini walisema, "Tunasoma kwa kina. Ukimaliza unaweza kufundisha, unaweza kuongoza. Ila wagonjwa tunawagombania, maana tuko wengi." Wa milimani walisema, "Wodini tunaingia mapema. Ila ukiitaka shahada baadaye, utarudi darasani na mtoto mgongoni." Shangazi alitafuna muhogo wake. Yeye mwenyewe shahada yake aliipata hivyo hivyo, mtoto mgongoni, lakini hakusema, asije akamvuta binti wa watu upande mmoja.

Naetwe akachagua milimani. "Naanza na mikono," alisema. "Shahada nitaifuata baadaye."

Ehe! Kwa mama sasa. Mama alilia. "Na kanisani je? Na kuku wa watu?" Akanuna, akanuna, hata chumvi akasahau kutia mbogani. Ilipofika Jumapili akasimama pale pale aliposimama mwanzo. "Bwana asifiwe. Nilisema shahada. Nilisema mimi, si mwanangu. Anakwenda stashahada, na nampeleka mwenyewe. Kuku wenu nimeshawala, nisameheni." Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akiwemo. Mama aliona aibu, tena aibu kubwa, lakini begi la mwanawe alilibeba kichwani mpaka bwenini.

Miaka ikapita, masomo yakaisha. Sasa sikilizeni desturi ya chuo kile. Anayehitimu huvishwa kofia na mtu mmoja tu, anayemtaja mwenyewe kwa sauti mbele ya wageni. Na huyo mmoja ndiye anayekuwa mgonjwa wake wa kwanza: hupimwa presha pale pale, na maisha yake yote, akiugua, nesi yule ataacha mengine aende kwake. Si heshima ndogo hiyo.

Wanawake watatu wakakaa benchi moja, kila mmoja na kitenge kipya.

Bibi akasema, "Ni mimi. Bila kiuno changu angekwenda kuzimia mjini. Nani angemwokota?"

Shangazi akasema, "Mama, kiuno chenyewe cha uongo, na kitanda ulichokilalia ni cha wagonjwa wa kweli. Mimi sikumdanganya, wala sikumsukuma. Nilimwonyesha njia zote mbili nikafunga mdomo. Mnajua kufunga mdomo kulivyo kugumu?"

Mama akasema, "Wifi, wewe ulifunga wako. Mimi niliufungua wangu mbele ya kanisa nikayala maneno yangu. Nyie mlimpa mlichokuwa nacho. Mimi niliacha nilichokitaka."

"Na aliyemfunga kwa kuku ni nani?" Bibi akauliza.

"Naetwe!" Matroni wa chuo akaita, kofia ameiinua juu. "Njoo. Taja jina moja."

Naetwe akasimama na gauni lake jeupe. Aliwapenda wote watatu, na ndiyo iliyokuwa taabu yake. Akawatazama. Bibi ameshika kiuno, na safari hii hakuna aliyejua kama ni kweli au ni mambo yake. Shangazi amefunga mdomo. Na mama, aliyezoea kumsemea, leo anatazama viatu vyake.

Nanyi msinitazame mimi! Kofia ingali juu, mkono wa matroni unachoka. Semeni: je, kati ya hao watatu, nani alistahili kumvisha?