Mbaruku Hagawani na Dobi

Palikuwa na tajiri mmoja, Mbaruku, aliyewamaliza watu mifugo yao kwa karata, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Siku hiyo zamu ilimfikia Chausiku, dobi wake.

"Weka mbuzi wako wa maziwa," Mbaruku aliamrisha, pua juu. "Mimi naweka ng'ombe na ndama wake. Karata moja kila mtu."

Chausiku aliinamisha kichwa. "Bwana, basi tucheze ya kugawana, mwenye ndogo naye apate nusu."

"Nigawane na mfua jasho langu? Mwenye kubwa anazoa vyote, na atakayegeuza neno si mtu!"

Karata zikagawiwa. Mbaruku, kama kawaida yake, alichomoa kimyakimya ile anayoiacha imefichwa siku zote ndani ya mkono wa kanzu, akaibamiza mkekani bila hata kuitazama. Ya nini kuitazama ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote?

Watu wakaangua kicheko. Ilikuwa mbili ya pau.

"Ngoja," alisema Mbaruku, jasho likimtoka. "Ile ya kugawana haikuwa mbaya."

"Nigawane na mwenye mbili?" Chausiku alisonya, akaweka yake chini: ree ya kopa, bado ikinukia sabuni. "Kanzu uliyovaa nimeifua mimi, mikono na yote, nikakuletea mwenyewe asubuhi hii. Kama ree hii ni yako, Bwana, idai mbele ya watu, na useme ulikuwa umeiweka wapi."

Ng'ombe akafunguliwa kamba, na ndama akafuata mwenyewe.