Sultani Aliyepeleka Ngoma Matangani

Hapo zamani, siku ya Ijumaa, tarehe kumi na moja ya Mfungo Tano, saa kumi alasiri, mji wa Tumbini ulipoteza maji yake kwa sababu ya ngoma.

Tumbini ulikuwa mji wenye kila kitu ila maji matamu. Visima vyake vyote vilikuwa vya chumvi, na watu wake wakiteka maji Magoweni, mji wa jirani, mwendo wa asubuhi moja. Tangu enzi za mababu, watu wa Magoweni hawakuwauliza hata siku moja, "Mnateka kwa idhini ya nani?" Miji miwili hiyo ilioana, ikaazimana vyungu, ikazikana. Huo ndio uliokuwa ujirani wao, na haukuwa na waziri.

Kisha akatawala Sultani Darweshi. Huyu hakutosheka kuwa na majirani. Alitaka kupendwa, na kupendwa kwenyewe kuonekane. Basi akaunda Diwani ya Sifa, yaani baraza la kumtangaza, na juu yake akamweka Waziri Rubeya, mtu mwenye kilemba kikubwa na masikio madogo. Kazi ya diwani hiyo ikawa kupeleka katika nchi za watu ngoma, mashairi na halua, ili mataifa yajue kwamba Tumbini ni taifa lenye adabu. Halua ilipigwa muhuri wa jina la Sultani, asije mlaji akasahau ni nani amemlisha. Mashairi yalikuwa marefu, na Sultani alikuwamo katika kila ubeti. Na wajumbe hao waliporudi, ukiwauliza wenyeji wa huko wana nyimbo gani, hakuna aliyejua, kwani hawakutumwa kusikiliza.

Ijumaa hiyo Waziri Rubeya aliingia Magoweni na wapiga ngoma, na wapiga zumari, na wachezaji waliovaa hariri. Akakuta njia kimya na maduka yamefungwa. Mzee mmoja akamwendea akamwambia, "Karibuni, jamaa zetu, lakini hapa pana msiba. Mwana wa pekee wa Malkia Mwana Zena amefariki, nasi tunamtoa sasa hivi kwenda kumzika. Wekeni ngoma zenu chini, mje mshike jeneza."

Waziri akajibu, "Poleni sana. Lakini amri ya Sultani ni kwamba ngoma ipigwe Ijumaa alasiri, na leo ni Ijumaa, na hii ni alasiri. Tena ngoma yetu huondoa huzuni. Haya, pigeni!"

Wakapiga. Jeneza la kijana likapita katikati ya zumari, na mama yake, aliyekuwa ndani akilia, akasikia vigelegele vya watu waliokodiwa. Hakutukana, wala hakutuma askari. Jioni akaagiza mlango wa visima ufungwe kwa kila mtu wa Tumbini, akarudi jamvini kwake.

Waziri Rubeya akarudi kwa Sultani akanena, "Bwana wangu, tumefaulu. Magoweni nzima ilitukodolea macho, wala hakuna aliyeweza kusema neno." Sultani akafurahi sana, akaitisha maji anawe, apate kula. Maji hayakuwapo.

Asubuhi yake baraza ikakaa. Watu walikuwa wamejaa nje na mitungi mitupu, na watoto wakilia. Sultani akauliza, "Tufanyeje?"

Waziri Rubeya akainama akasema, "Bwana wangu, kosa nimeliona. Ngoma zilikuwa chache. Tupeleke mara mbili yake."

Diwani nzima ikaitikia, "Naam! Naam!"

Hapo kikasikika kicheko mlangoni. Aliyecheka ni Ngwali, fukara asiye na shamba wala duka, ambaye watu wakimwita Mla Matanga. Jina hilo alilipata kwa haki, kwani hapakuwa na msiba uliompita. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na tumbo lake halikuwahi kuondoka tupu. Walimcheka kwa ulaji wake. Kwamba ni yeye pia aliyeingia kaburini kumpokea maiti, hilo halikuwa na mzaha, basi hawakulitaja.

Sultani akasema kwa hasira, "Wacheka nini, Mla Matanga?"

"Bwana wangu, nacheka kwa kuwa kulia kunataka machozi, na machozi ni maji."

"Hata mimi wanifanyia dhihaka? Basi sikiliza. Enda Magoweni ukaniletee urafiki wao. Usichukue zawadi, usichukue ngoma, wala usiwaambie neno moja juu yangu. Na kesho, kabla jua halijachwa, nataka urafiki huo uwe mbele ya kiti changu cha enzi, niuone kwa macho na niuguse kwa mkono. Usipokuwapo urafiki, kitakuwapo kichwa chako."

Ngwali akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Na magoti yangu, Bwana, nende nayo?"

Baraza ikaangua kicheko. Sultani akasema, "Nenda nayo. Sisi tuyafanyie nini?"

Ngwali akapita nyumbani kumuaga mama yake, Bi Time, mkongwe aliyekuwa kitandani na homa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Mwanangu, wenda wapi?"

"Naenda matangani, mama."

"Kula tena!"

"Mara hii kukaa tu."

Bi Time akamtazama sana. "Basi nenda. Nami nitameza mate mpaka urudi. Usikawie, mate nayo si mengi."

Ngwali akafika Magoweni, akavua viatu, akapiga magoti, akakaa jamvini kati ya waliofiwa. Hakueleza alikotoka. Wenye msahafu walipogawana juzuu, naye akapokea yake akasoma, kwani Sultani alimkataza kumtaja yeye, hakumkataza kumtaja Mungu. Chakula kilipoletwa hakukigusa, na hilo peke yake lingewaliza watu wa Tumbini kama wangeliona.

Usiku ule Malkia Mwana Zena akauliza, "Ni nani yule asiyesema wala asiyekula?"

Wakamwambia, "Ni mtu wa Tumbini, Bibi. Tumtoe?"

Malkia akajifuta machozi. Kisha akasema, "Mwacheni. Kumbe Tumbini kuna mtu."

Sasa, watu wa Magoweni walikuwa na desturi yao. Siku ya tatu, baada ya hitima, mfiwa hutolewa mpaka kisimani akanawishwa uso, na hapo hutandikiwa jamvi, akae apokee mkono wa pole kwa watu wa mbali waliochelewa. Anayekuja amekuja. Asiyekuja kufikia jua kuchwa, hahesabiwi jirani tena, yeye na wanawe. Ngwali alisikia wakitayarisha jamvi hilo, akaondoka alfajiri, akamwendea Sultani.

Sultani alikuwa amekaa kitini, ulimi umemkauka. "Umeuleta?"

"Nimeupata, Bwana wangu. Uko Magoweni, kisimani."

"Nilikwambia uwe mbele ya kiti changu!"

"Ndivyo ulivyosema, Bwana, wala sikusahau. Lakini hukusema kiti kiwe wapi. Kisima hakitembei, kiti kina wabebaji. Kikibebwa mpaka kule, urafiki utakuwa mbele yake kama ulivyoamuru."

Wakubwa wakanong'ona kwamba kiti cha enzi hakijatoka Tumbini tangu kuchongwa. Lakini Waziri Rubeya akapiga kofi la furaha: "Bwana wangu, hili ni jambo kubwa! Wakikiona kiti wataduwaa. Tuongeze zumari!" Mpiga zumari akaitwa, akajaribu kupuliza, zumari haikulia, kwa maana mdomoni hakuwa na mate. Basi kwa mara ya kwanza msafara wa Tumbini ukaenda kimya, si kwa adabu, ila kwa kiu. Na watu wa mji wakafuata nyuma na mitungi yao.

Walipofika, jua lilikuwa limeelekea kuchwa. Malkia Mwana Zena alikuwa amekaa chini jamvini, kando ya kisima, uso umevimba kwa kulia. Hakusimama. Wabebaji wakakiweka kiti mbele yake, na Sultani juu yake, amewazidi watu wote kimo.

Ngwali akasema kwa sauti, "Bwana wangu, urafiki huo hapo, mbele ya kiti chako. Umeuona kwa macho. Sasa uguse kwa mkono, kama ulivyotaka."

Malkia akamtazama Sultani, kisha akanyoosha mkono, jinsi mfiwa anavyounyoosha kwa yeyote ajaye. Sultani akainama kutoka kitini, hakuufikia. Akainama zaidi, kilemba kikamwanguka, hakuufikia.

Waziri Rubeya akamnong'oneza, "Usishuke, Bwana! Heshima ya taifa! Mwambie ainuke yeye."

Nyuma yao mwanamke mmoja wa Tumbini, mtungi kichwani, akapaza sauti: "Heshima gani, baba, na mji umekauka? Shuka! Mwenzio amefiwa!"

Jua likagusa vilele vya miti. Sultani Darweshi akatazama kushoto na kulia, asione mtu wa kumtuma. Ikawa hapana budi, akashuka, akavua viatu, akapiga magoti juu ya jamvi, akaushika ule mkono. Alitaka kutoa hotuba, kwani alizijua nyingi, lakini hakuna hata moja iliyofaa.

Akasema tu, "Pole, Bibi. Tumekukosea."

Malkia akajibu, "Tumeshapoa. Mwanangu alikuwa akipenda ngoma mno. Hizo zenu angalizicheza mpaka asubuhi, lau mngalikuja alipokuwa hai, au mngalingoja nimzike."

Sultani akainamisha kichwa kwa aibu, asiweze kukiinua. Watu wa Tumbini wakapita mmoja mmoja, wakatoa mikono yao ya pole, na mlango wa visima ukafunguliwa. Ngwali hakungoja tuzo wala shukrani. Aliazima mtungi, akateka, akakimbia kwa Bi Time, akamkuta yu hai, akamnywesha.

Ama Waziri Rubeya, njiani alimwendea Sultani akasema, "Bwana wangu, nimepata shauri. Tuunde Diwani ya Matanga, tufundishe waombolezaji, tuwashonee mavazi ya namna moja, tuwapeleke kila nchi." Sultani akamvurumishia kiatu, na huo ukawa mwisho wa Diwani ya Sifa.

Na kijana yule wa Magoweni, aliyezikwa katikati ya kelele za wajinga, jina lake lilikuwa Faki bin Vuai. Mwenyezi Mungu amrehemu, amkunjulie kaburi lake, amnyamazishie kila kelele. Na wetu waliotutangulia, ambao majamvi yao tumeyakalia, awaweke pamoja naye mahali pema, na atukutanishe nao kwa radhi zake. Amina.