Kindi Sayo na Dubu Aliyekataa Kulala

Hapo zamani za kale, wanangu, huko Japani milimani, aliishi kindi mjane, jina lake Sayo. Alikuwa na watoto watatu, na kitinda mimba wake, Mame, alikuwa mgonjwa.

Majani yalipoanza kupukutika, Sayo alikusanya njugu za msituni akazificha pangoni. Theluji ikaanguka. Akaja dubu Gonta na, puu! akajibwaga juu ya njugu zote.

"Zangu hizi!"

"Bwana Gonta, dubu hulala msimu mzima wa baridi. Njugu za nini?"

"Silali ng'o! Nikilala mtaniibia."

Basi akakaa macho, mekundu kama makaa. Sayo akichungulia tu, "Ngrrr!" Nyumbani watoto wakawa wanatafuna magome ya miti. Mame hata kutafuna hakuweza.

"Mama, njugu ziko wapi?"

"Zinakuja, mwanangu."

Sayo akarudi pangoni, akaketi mlangoni.

"Unataka nini tena?" dubu akanguruma.

"Sitaki kitu. Nimeleta salamu. Jana nilimwota mama yako."

Gonta akainua kichwa. Mama yake aliuawa na wawindaji yeye akingali ananyonya. Mlima mzima ulijua.

"Mwongo wee!"

"Ana doa jeupe kifuani, kama lako. Akaniuliza, 'Mbona mwanangu haji? Namngoja usingizini, naye hafumbi macho.'"

Dubu akamsogelea. "Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Lakini nimekuwa mkubwa, Sayo. Atanijua kweli?"

"Mama hamsahau mwanawe. Fumba macho."

Gonta akajikunja kama mtoto mchanga. Sayo akamwimbia taratibu, mmm, mmm, mpaka, kroo! kroo! usingizi ukamchukua.

Sayo akazoa njugu haraka haraka. Alipokuwa anatoka akasikia nyuma yake sauti nyembamba: "Mama... mama..."

Akasita. Machozi yakamlengalenga, kwa maana hakuwa ameota lolote. Kisha akakimbia.

Nyumbani, wale wakubwa wawili wakazirukia njugu, ka! ka! ka!

"Mame, amka ule, mwanangu. Zimekuja."

Mame hakuamka. Mwili wake ulikuwa umeshapoa.

Naam, wanangu: akili humshinda mwenye nguvu, lakini haimrudishi aliyekwisha kufa njaa.