Bibi wa "Wewe Bado"

Anayesinzia humu kanisani aamshwe na jirani yake, maana leo sina maneno matamu.

Kulikuwa na baba mmoja, mwenyekiti wa sungusungu, walinzi wa jadi, kijijini kwake. Binti yake akaugua ugonjwa wa damu. Asubuhi moja daktari akamwita, akamwambia, "Mzee, chembe nyeupe za mwanao, zile za kupigana na maradhi, zimezidi mno."

"Si ndiyo vizuri, daktari? Walinzi wengi."

"Hao si walinzi, ni watoto. Ndani ya mfupa kuna seli mama zinazozaa damu yote. Na kuna vitu vidogo mno, vinaitwa maikroRNA. Havijengi chochote. Kazi yao kunyamazisha amri ndani ya seli: hii isipite, ile ingoje, mpaka seli ikomae iwe askari kweli. Kwa mwanao baadhi vimepotea, basi seli zinazaana tu, hazikui. Tutamtibu, ila leo hii anahitaji damu. Nimempata mtu wa kundi lake, yuko njiani."

Baba yule akamkumbuka bibi mmoja wa kijijini. Kijana akija kutaka rungu la sungusungu, bibi alimtazama, akamwambia, "Wewe bado. Kaa kwanza." Wengine aliwakalisha mwaka mzima. Ni yeye, mwenyekiti, aliyemfukuza. "Huyu hajengi kitu," alisema, "kazi yake kukataza." Rungu akapewa kila mwenye mkono.

Saa nne asubuhi hiyo hiyo, mgeni akafika na baiskeli penye kizuizi cha kijiji. Wenye marungu hawakumuuliza hata jina. Wakamwita mwizi, wakampiga mpaka akazimia. Mfukoni alikuwa na karatasi ya hospitali ya kuitwa kutoa damu. Mnajua alikuwa anakwenda kumtolea nani?

Naona mnatikisa vichwa, mnamlaani mwenyekiti. Acheni unafiki. Nani alimwondoa mama mlezi wa vijana humu kanisani, Jumapili iliyopita tu, kwa sababu aliwaambia watoto wetu "bado"? Mikono ilinyooshwa humu humu, na wangu ulikuwemo. Nina hasira, na ya kwanza ni juu yangu.

Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo. Sisi hatusikii, na guu linalovunjika ni la mpita njia.

Leo hatuimbi wimbo wa kufunga. Tunakwenda kwa yule mama, kwa miguu, sote, kumwomba radhi. Na akituambia tukae kwanza, tutakaa.